Mwimbaji Aliyelichungulia Koo Lake

Ramadhani moja nilikuwa Kariokor, Nairobi, kwa mpwa wangu, katika mtaa ule uliopata jina lake kwa wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Nikapwelewa sauti, hata kusoma Kurani kukanishinda. Nikajitibu kwa ndimu, kumbe najichoma. Daktari alinipitishia puani mpira mwembamba wenye taa, akaona kongomeo limevimba. Akashuku tindikali ya tumbo inapanda hadi kooni, ingawa kiungulia sikuwa nacho.

Nikamwuliza ni nani aliyefungua njia ya kuchungulia humo. Kumbe ni mwimbaji: Manuel García.

Bwana huyu alizaliwa Hispania mwaka 1805, katika nyumba ya waimbaji. Baba yake alikuwa na jina kubwa, na ndugu zake wa kike, Maria Malibran na Pauline Viardot, walivuma Ulaya nzima. Mwaka 1825 aliimba New York pamoja na jamaa zake. Lakini sauti yake haikustahimili. Akaliacha jukwaa angali kijana, akawa mwalimu Paris, na tangu 1848 London.

Swali moja lilimkaa rohoni: sauti hutokaje? Mwaka 1854, akiwa Paris, alinunua kioo kidogo cha daktari wa meno, akakipasha moto, akakiweka nyuma ya kinywa. Kwa kioo cha mkono akaelekeza nuru ya jua humo. Akaziona nyuzi zake za sauti zikifunguka na kufumbika. Mwaka 1855 habari hizo zilisomwa mbele ya wanachuoni wa Royal Society, London, na kuanzia 1858 matabibu Türck na Czermak wakakieneza kioo hicho katika uganga. García alifundisha hadi 1895, akafariki 1906, umri wake miaka 101.

Lakini jicho pekee halitoshi. Daktari alinieleza kuwa uvimbe huo waweza pia kuletwa na sigara au mzio. Penye shaka, uzi mwembamba hupitishwa puani hadi umioni kupima tindikali kwa saa 24. Kisha akaniuliza nilalavyo. Nikakiri: nilikuwa nikila daku, nikilala papo hapo.

Siku hizi nala kidogo, nakaa kitako hadi Alfajiri, na sauti imerudi. Nawe ndugu msomaji, ukipwelewa zaidi ya wiki 4, usikae na ndimu. Nenda ukachunguliwe, kwani saratani ya koo nayo huanza vivyo hivyo.