Mary Ainsworth: Aliyejifunza malezi vijijini Uganda, akabadili tiba ya watoto wasumbufu

Mtoto analia, mama anaambiwa amwache tu, asije akamdekeza. Ushauri huo upo kila mtaa. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliuchunguza nyumba kwa nyumba, na alichokuta ni kinyume chake.

Leo tiba kadhaa za muda mfupi za kurekebisha uhusiano wa mlezi na mtoto zinategemea kazi yake. Na kazi hiyo ilianzia Afrika Mashariki, kwenye vijiji vya karibu na Kampala.

Alitokea wapi?

Alizaliwa Desemba 1, 1913 katika jimbo la Ohio, Marekani, akakulia Toronto, Canada. Akiwa na miaka 15 alisoma kitabu cha saikolojia na kuanzia hapo akajua anataka kuwa nani. Mwaka 1939 alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Toronto. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliingia jeshini, akafikia cheo cha meja.

Mwaka 1950 aliolewa na Leonard Ainsworth, wakahamia London. Kupitia tangazo la gazeti, Mary akapata kazi kwa daktari John Bowlby, aliyekuwa akichunguza kinachompata mtoto anapotenganishwa na mama yake.

Miezi ya Kampala

Mwaka 1954 mumewe alipata kazi kwenye taasisi ya utafiti wa jamii huko Makerere, na Mary akaenda naye. Akiwa na mkalimani, alianza kutembelea familia za Baganda: akina mama 26 wenye watoto wachanga 28. Kila baada ya wiki mbili alikaa nyumbani kwao kama saa mbili, akitazama na kuuliza.

Mwanzoni alitaka kujua mtoto anaathirikaje anapoachishwa ziwa, maana alikuwa amesikia kwamba kwa desturi mtoto hutenganishwa na mama kipindi hicho. Kumbe familia nyingi zilishaacha desturi hiyo. Basi akabadili mpango, akafuatilia maisha ya kila siku ya mama na mtoto.

Watoto 16 walikuwa na imani na mama zao: walilia kidogo, wakacheza na kutambaa huku na huku mradi mama yupo karibu. Saba walikuwa na wasiwasi, walilia mara kwa mara hata wakiwa wamebebwa. Watano walikuwa bado hawajaonyesha kumtofautisha mama na watu wengine.

Tofauti ilitoka wapi? Akina mama wa kundi la kwanza walikuwa na mengi ya kusimulia kuhusu watoto wao, hadi vitu vidogo vidogo, bila kuulizwa sana. Yaani walikuwa wanawatazama na kuwasoma.

Jibu la kilio

Ainsworth alihamia Baltimore, Marekani, na miaka ya 1960 akafuatilia familia nyingine 26 katika mwaka wa kwanza wa mtoto. Matokeo yaliyotoka 1972 yalionyesha kwamba watoto walioitikiwa haraka miezi ya mwanzo walilia kidogo zaidi walipokaribia mwaka mmoja. Wapo wanasaikolojia waliopinga, wakisema kumkimbilia mtoto anayelia ni kumzawadia kilio.

Pia alibuni kipimo cha dakika kama 20: mama anatoka chumbani, kisha anarudi. Jambo kubwa analoangalia mtafiti ni mtoto anavyompokea mama akirudi.

Tiba zilizofuata

Ainsworth mwenyewe hakubuni tiba hizi. Ila mtazamo wake unaonekana ndani yake.

Mfano ni tiba ijulikanayo kwa herufi PCIT, iliyoanzishwa Marekani miaka ya 1970 na Sheila Eyberg kwa ajili ya watoto wa miaka 2 hadi 7 wenye hasira na ukaidi. Mzazi anacheza na mtoto akiwa na kifaa sikioni. Mtaalamu yupo nyuma ya kioo, anamwelekeza papo hapo.

Awamu ya kwanza haina adhabu. Mzazi anafuata mchezo wa mtoto, anasifu anachofanya vizuri, haamrishi wala hakosoi. Nyumbani anarudia dakika tano kila siku. Uhusiano ukishatengemaa ndipo inakuja awamu ya pili: amri fupi zinazoeleweka, na hatua ileile kila mtoto anapokaidi.

Huko Leiden, Uholanzi, watafiti walibuni tiba ya ziara chache za nyumbani. Mzazi anarekodiwa video akiwa na mtoto, kisha wanaitazama pamoja ili aone ishara alizokuwa akizipita.

Ukosoaji upo. Afrika mtoto hulelewa pia na bibi, shangazi na dada zake, kwa hiyo kumpima kwa mama mmoja tu kunaacha mengi nje. Hiyo ni sababu tosha ya tiba kumhusisha mlezi yeyote anayekaa na mtoto.

Ainsworth aliachana na mumewe mwaka 1960 na hakubahatika kupata mtoto. Kitabu chake kuhusu watoto wa Uganda kilitoka 1967. Alifundisha Chuo Kikuu cha Virginia hadi 1984, akafariki Machi 21, 1999 akiwa na miaka 85.

Kwa mzazi aliyechoka na mtoto mkaidi, kazi yake inaacha somo moja: kabla ya kumrekebisha, msome kwanza.