Habib Swaleh wa Lamu, sharifu aliyefundisha kwa matari

Mtu atokaye kisiwani Mombasa akavuka daraja la Nyali kwenda Kisauni hupita mahali paitwapo Kengeleni. Wengi wetu hulitaja jina hilo kila siku katika matatu bila ya kufikiri limetoka wapi. Kengele yenyewe ni ya wamishenari wa Kiingereza waliojenga hapo mji wa Freretown mwaka 1875, wakawaweka watumwa waliotolewa majahazini na manowari za Uingereza. Ilipolia, watu hao walikwenda kusali na kusoma. Mtumwa wa jana alipewa kitabu mkononi, na kitabu hicho kilikuwa Injili.

Je, mtumwa Mwislamu, au mtoto wa mtumwa aliyezaliwa katika Uislamu humu humu pwani, yeye alipewa nini? Katika miji yetu mingi ya zamani jibu si la kujivunia. Alifundishwa kutia udhu na kusali, na sura chache fupi za kuswalia. Elimu iliyobaki ilikuwa ya wenye nasaba. Kwa sababu hiyo maisha ya marehemu Habib Swaleh bin Alawi Jamal al-Layl yanastahili kusimuliwa upya, hata kwa sisi wa bara ya Mombasa ambao hatukumwona wala hatukuzaliwa Lamu.

Habib Swaleh alikuwa Mngazija. Alizaliwa Ngazija katikati ya karne ya 19, katika ukoo wa masharifu wenye asili ya Hadhramaut. Angali kijana alikwenda Lamu, ambako ami yake alikuwa amekwisha kutangulia, akasoma huko kwa masheikh wa mji, akajifunza na uganga wa dawa pamoja na elimu ya dini. Hatimaye akafanya Lamu kuwa kwao.

Lamu ya siku hizo ilikuwa mji wa daraja. Waungwana walikaa katika majumba ya mawe upande wa Mkomani. Upande wa Langoni, kwenye mchanga na vibanda vya makuti, walikaa wageni, wavuvi, wagema, watumwa na watoto wao. Sharifu huyu angeweza kukaa na wakubwa, kwani nasaba yake ilimruhusu. Akachagua Langoni. Akawatibu wagonjwa wa huko, akala nao, na kisha akafanya jambo lililowaudhi baadhi ya wenye mji: akafungua darasa, akawafundisha Kurani na elimu nyingine watu ambao mpaka hapo walihesabiwa kuwa hawana haja nayo. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya mpaka 1907, basi msomaji na apime mwenyewe ujasiri wa kitendo hicho.

Mwalimu mwingine angaliwaambia watu wa Langoni waache ngoma zao kwanza, ndipo waje darasani. Habib Swaleh hakuanzia hapo. Masimulizi ya Lamu yanasema kwamba aliwafuata watu katika ngoma zao, na ngoma iitwayo uta ndiyo itajwayo zaidi, akawavuta taratibu mpaka mikono iliyozoea kupiga ngoma ikawa inapiga matari ya kumsifu Mtume, rehema na amani zimshukie.

Njia aliipata katika Maulidi ya Habshi. Hapo kale Lamu ilijua zaidi Maulidi ya Barzanji, yasomwayo kwa utulivu. Maulidi haya mengine yalitungwa na Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut, aliyefariki mwaka 1915, na yeye na Habib Swaleh walikuwa wakiandikiana. Hata jina la msikiti na chuo alichojenga Habib Swaleh huko Langoni, Riyadha, linafanana na la msikiti wa al-Habshi wa Seiyun.

Asiyepata kuyaona Maulidi haya yakisomwa vizuri na apate sura yake hapa. Watu hukaa safu zikielekeana, kanzu nyeupe na kofia. Matari yamekwisha kuoteshwa moto ili ngozi ikaze. Msomaji husoma kipande, kisha kasida huanza polepole, tari moja, mbili, halafu zote kwa pamoja, na Riyadha huongezwa na nai. Mabega huinama kulia na kushoto kama mawimbi, na asiyejua zamu yake huonekana papo hapo, kwani safu nzima huvunjika kwa ajili yake. Wakati wa kiyamu wote husimama, udi hufuka, marashi hunyunyizwa. Nje ya msikiti wazee hupanga safu wakacheza goma, bakora mkononi, kwa mwendo wa taratibu mno, hata mgeni hudhani hawajaanza.

Hakuna kitabu kinachofundisha mambo hayo. Mtoto huwekwa nyuma ya wakubwa, akajifunza kwanza kuitikia, baadaye akapewa tari, na makosa yake hurekebishwa kwa jicho la mwalimu. Ndivyo yalivyofika hata huku kwetu. Riyadha ilipokea wanafunzi kutoka pande nyingi za Afrika Mashariki, nao waliporudi makwao walifungua vyuo na kufundisha walivyofundishwa. Leo ukiingia vichochoro vya Kisauni usiku wa Mfungo Sita, au ukivuka feri kwenda Likoni, utasikia mapigo hayo hayo, na vijana wanaoyapiga huenda Lamu hawajafika.

Hayakupita bila ya ubishi. Wako wanavyuoni walioona kuwa ngoma msikitini ni jambo lisilo na msingi, na hao si watu wa kudharauliwa. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1968, aliandika kitabu kizima juu ya bidaa. Wa upande wa pili hutaja kuwa dufu lilipigwa zama za Mtume katika harusi, na kwamba Imamu Ghazali alieleza kwa urefu ni usikilizaji upi unaofaa na upi usiofaa. Ubishi huo ungali hai katika misikiti ya Mombasa, na mwandishi wa makala haya si mufti. Ila naona wanaobishana mara nyingi husahau ni nani waliokuwa wakipiga matari hayo mwanzo, na kwamba kabla ya matari hapakuwa na mtu aliyewaita chuoni.

Habib Swaleh alifariki mwaka 1935, Mola amrehemu. Wanawe na wajukuu wakaishika kazi, na Maulidi ya Riyadha yakazidi kukua. Siku hizi huwavuta wageni wa kila aina, na wako wanaorudi na picha nyingi za mbio za punda na mashindano ya majahazi kuliko za Maulidi yenyewe. Si neno. Punda nao ni wa Lamu.

Lakini atakaye kuona kazi ya mzee huyu na angoje zefe la siku ya Ijumaa. Watu hukusanyika makaburini, wakamzuru na kumwombea, kisha hupanga safu kurudi Riyadha kwa matari na kasida, chuo kwa chuo, na bendera zao. Watoto ni wengi katika safu hizo. Kuna wadogo ambao tari limewazidi kifua, na bado hawakosi pigo.