John Logie Baird na Picha za Rangi

Chukua lenzi, utazame kioo cha televisheni ya rangi ya zamani, ile yenye chogo nyuma. Utaona kwamba picha yake ni vidoa au vistari vidogo vya rangi tatu tu: nyekundu, kijani na buluu. Macho yako ndiyo yanayozichanganya hata ukaona manjano, zambarau na nyeupe. Mtu wa kwanza kuonyesha televisheni ya rangi alikuwa John Logie Baird.

Baird alizaliwa Uskoti mwaka 1888, naye alikuwa dhaifu wa afya tangu utotoni. Mwaka 1923 alihamia Hastings, mji wa pwani ya Uingereza, akitaka kupeleka picha mbali kama redio ipelekavyo sauti. Fedha hakuwa nazo, basi akaokoteza vitu vikuukuu: kasha la kofia, sanduku la chai, sindano za kushonea na lenzi za taa za baiskeli. Vyote akavishikamanisha kwa uzi na lakiri. Mwaka 1924 alipigwa na umeme wa volti zipatazo 1,000, akaungua mikono, na mwenye nyumba akamtaka ahame. (Nawe usifungue kamwe televisheni ya chogo. Umeme mkali huweza kubaki ndani yake hata baada ya kuchomolewa.)

Mwezi wa Oktoba 1925, mjini London, uso wa mwanasesere ulitokea wazi katika mtambo wake. Baird akashuka ngazi mbio kutafuta mtu aliye hai, akamleta kijana wa ofisini, William Taynton. Kijana aliogopa ukali wa taa, ikabidi apewe fedha ndipo akubali kukaa.

Tarehe 3 Julai 1928 alionyesha picha za rangi. Alitumia sahani izungukayo yenye safu tatu za matundu, kila safu ikipitisha nuru ya rangi yake. Rangi zilipokezana upesi mno, jicho likaziona kwa pamoja.

Lakini mitambo ya elektroni ilitoa picha safi zaidi, na mwaka 1937 shirika la BBC liliuacha mtambo wa Baird. Yeye hakuiacha kazi. Tarehe 16 Agosti 1944, vita vikiendelea, alionyesha televisheni ya rangi isiyohitaji sahani, ambayo miale miwili ya elektroni ilikipiga kioo chake.

Alifariki tarehe 14 Juni 1946, kabla televisheni za rangi hazijaingia majumbani. Zanzibar zilifika katika miaka ya 1970.