Dk. John Snow na pampu ya Broad Street
Ukiulizwa hospitalini unaishi mtaa gani, mkumbuke Dk. John Snow, mtoto wa kibarua aliyezaliwa York, Uingereza, mwaka 1813. Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kiliingia Soho, London, kikaua mamia ya watu. Wengi waliamini kinaletwa na hewa chafu. Snow alichukua orodha ya vifo kwenye ofisi ya usajili, akaenda kuuliza marehemu walikunywa maji ya wapi. Wengi walitumia pampu ya Broad Street. Viongozi wakaondoa mpini wake. Alifariki mwaka 1858, wengi wakiwa bado hawajamwamini. Mzazi, mwanao akiharisha sana, mwahishe kituoni, na utaje mtaa na kisima chenu. Jibu lako laweza kumwokoa mtoto wa jirani.