Adrian Atiman, Mganga wa Karema

Njia ya kale ya wapagazi ilipita Kwihara, karibu na Tabora, mahali ambapo Livingstone alikaa miezi mingi mwaka 1872 akingojea watu wa kumchukulia mizigo. Katika nchi hiyo hiyo ya Unyanyembe alipita mwaka 1888 kijana mwingine mganga, wala huyo hakuwa Mzungu. Jina lake Adrian Atiman.

Alizaliwa karibu na mto Niger, pande za Timbuktu. Angali mtoto aliibwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara, hata Mapadre Weupe wakamkomboa huko Algeria. Kardinali Lavigerie akampeleka kisiwa cha Malta, pamoja na vijana wengine Waafrika, wajifunze uganga. Shauri la Kardinali lilikuwa hili: Mwafrika aliyefundishwa vema ataweza kukaa kijijini, kula chakula cha watu na kusema lugha yao, bila gharama kubwa. Sisi twaona shauri hilo lilikuwa la busara, maana siku zile wengi walidhani Mwafrika afaa kubeba sanduku la dawa, si kulifungua.

Mwaka 1889 akafika Karema, ukingoni mwa ziwa Tanganyika. Wateka watumwa walikuwa wangali wakishambulia vijiji, na mganga wa pale hakuwa na mwenziwe wa kumwuliza neno. Nayo kazi ya jeraha haingoji. Kwanza damu huzuiwa kwa kukandamiza. Kisha kidonda huoshwa kwa maji yaliyochemshwa na kutolewa uchafu, ndipo hushonwa. Mfupa uliovunjika hufungwa kwa vijiti usicheze. Kazi hiyo yataka moto, chungu, kitambaa safi, na mkono uliofundishwa. Moto na chungu havikosekani hata katika nyumba ya maskini. Mkono ndio uliokuwa haba, nao ndio Malta ulikompa Atiman. Tena hakudharau dawa za miti ya nchi, bali alijifunza nguvu zake.

Alikuwa katekista vilevile, akifundisha dini kwa kinywa kile kile kilichomwuliza mgonjwa aumwa wapi. Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa Kibende; mwana wao Joseph akapewa upadre mwaka 1923.

Atiman alifariki papo hapo Karema mwaka 1956, baada ya miaka 67 ya kazi.