Chumba ambacho Mama Lapa hakuweza kumnyang'anya Katarina



Kuna malalamiko mawili ninayoyasikia sana kwa vijana, na mimi mwenyewe nimewahi kuyasema. La kwanza: sina mahali pa kusali. Nyumbani tumebanana, hosteli ni kelele, simu nayo hainyamazi. La pili ni zito zaidi: nikijaribu kusali kichwa kinajaa mawazo machafu, sasa Mungu atakaaje kwa mtu kama mimi? Leo nataka tumwangalie mtakatifu aliyeyapitia yote mawili: Katarina wa Siena.

Alizaliwa mwaka 1347 katika mji wa Siena, Italia. Baba yake, Giacomo Benincasa, alikuwa mtia rangi vitambaa. Mama yake aliitwa Lapa, na mama huyo alizaa watoto 25! Katarina na pacha wake walikuwa wa 23 na 24, ila pacha alifariki akiwa bado mchanga. Mwaka uliofuata, 1348, tauni ikaingia Siena na kuua watu wengi mno. Kwa hiyo tusimfikirie kama binti aliyekulia kwenye ukimya wa konventi. Alikulia kwenye nyumba ya biashara, yenye watu wanaoingia na kutoka, na misiba.

Akiwa na miaka kama sita alipata maono ya Kristo juu ya kanisa la Wadominikani lililokuwa karibu na kwao. Muda si mrefu akamwekea Mungu ahadi kwamba hataolewa. Wazazi hawakujua lolote. Alipofikia umri wa kuolewa wakaanza kumtafutia mchumba, na zama hizo ndoa ilikuwa pia njia ya kuunganisha koo na mali. Katarina akagoma. Padre mmoja Mdominikani akamwambia, kama amekusudia kweli, basi akate nywele zake. Akazikata.

Nyumba ikawaka moto! Wazazi wakaamua kumnyoosha. Dada wa kazi akaondolewa, kazi za jikoni zote akabebeshwa Katarina. Kisha wakamnyang'anya chumba chake, asipate pa kujifungia na kusali. Hesabu yao ilikuwa rahisi: achoke, akose muda wa kuwa peke yake, mwishowe akubali.

Ndipo yakatokea mambo ambayo Kanisa halijayasahau hadi leo. Katarina hakugombana na mtu. Alijijengea chumba kingine ndani ya moyo wake, akaingia humo na Mungu, akakataa kutoka. Alipompelekea baba yake chakula, alijiambia kwamba anamhudumia Kristo. Mama alimchukua kama Bikira Maria, na kaka zake kama Mitume. Mikono ilikuwa kwenye vyombo, lakini yeye alikuwa kwenye sala. Sufuria na moshi vile vile, kelele zile zile, ila hakuna aliyeweza kumfungia mlango wa chumba hicho, kwa sababu ufunguo hakuwa nao mtu mwingine.

Mzee Giacomo ndiye aliyekuwa wa kwanza kulegea. Inasimuliwa kwamba siku moja alimkuta binti yake akisali, na juu ya kichwa chake akaona njiwa. Akaamuru watu wote nyumbani wamwache. Katarina akapewa chumba kidogo, akajiunga na wanawake watersiari wa Mtakatifu Dominiko, waliovaa vazi la kitawa huku wakiishi makwao. Kwa miaka kama mitatu akakaa kimya, akitoka hasa kwenda kanisani.

Mngedhani kwamba sasa, akiwa na chumba na utulivu, mambo yatakuwa rahisi. La hasha. Padre Raimondo wa Capua, aliyekuwa muungamishi wake na baadaye akaandika maisha yake, anasimulia kwamba kwenye ukimya ule Katarina alishambuliwa na vishawishi vibaya vya mwili. Picha chafu na sauti za matusi zilimfuata hata kanisani, na Kristo aliyezoea kumwona akawa kama ametoweka. Dhoruba ilipopita, Kristo alimtokea tena, na Katarina akamuuliza bila kuficha alikuwa wapi wakati moyo wake umejaa uchafu ule. Jibu alilopata ni kwamba alikuwa mle mle moyoni mwake. Katarina akashangaa. Kristo akamtaka afikiri: mawazo yale yalimpa raha au maumivu? Alikiri kwamba yalimuumiza sana. Basi akaelewa kuwa maumivu yale yenyewe, ule moyo uliokataa, ilikuwa kazi ya Kristo aliyejificha ndani akiulinda.

Kijana mwenzangu, hapo tusimame kidogo. Vishawishi kuja si dhambi. Dhambi ni kuvikubali. Na kuchukia kwako uchafu unaokusumbua si ushahidi kwamba Mungu amekuhama. Inawezekana kabisa ni dalili kwamba yumo.

Sasa, nimesoma falsafa, na huko neno la kujitambua ni la zamani sana, tangu Wagiriki. Siku hizi nalo limejaa kwenye semina za vijana: jitambue, jiamini, nguvu zote ziko ndani yako. Katarina naye alifundisha kujitambua, ila kwa namna nyingine kabisa. Chumba cha ndani alikifananisha na kisima. Ukichimba, kwanza unakuta udongo: udhaifu wako, na ukweli kwamba hukujiumba na huwezi kujiokoa. Ukiendelea unayafikia maji ya uzima: Mungu anayekupenda na kukushika usirudi kwenye utupu. Ukibaki kwenye udongo peke yake, utakata tamaa. Ukidai maji bila kugusa udongo, utajivuna. Kumbe kumkuta Mungu ndani yako si kugundua kwamba wewe ni mungu. Yaani ni kukuta kwamba ndani kabisa, hata pale usipojifahamu mwenyewe, hauko peke yako.

Tutajuaje kwamba mtu amemkuta Mungu kweli, na si hisia zake tu? Tuangalie alikokwenda. Baada ya miaka ile mitatu Katarina alisikia Kristo akimtuma atoke. Akarudi kwa familia yake, kisha hospitalini kwa wagonjwa ambao wengine waliwakimbia. Tauni iliporudi mwaka 1374, alikuwa kati ya wahudumu wake. Alimsindikiza kijana mmoja aliyehukumiwa kukatwa kichwa, akamtuliza mpaka akafa kwa amani, na kichwa chake akakipokea mikononi mwake.

Mwaka 1376 alisafiri hadi Avignon, Ufaransa, ambako Mapapa walikuwa wakiishi tangu mwaka 1309, akamsihi Papa Gregori XI arudi Roma. Papa alirudi, akaingia Roma mwanzoni mwa 1377. Binti wa mtia rangi, asiye na elimu ya shule, anazungumza na Papa kwa heshima ya mtoto kwa baba na kwa ukweli usiopepesa macho! Na katikati ya safari na barua nyingi alizowatajia makatibu wake, hakuacha chumba chake. Hata Padre Raimondo, alipolemewa na shughuli, alishauriwa naye ajijengee chumba hicho.

Jambo moja tusimuige. Katarina alifunga kupita kiasi, na afya yake ikaharibika. Utakatifu wake ulikuwa katika upendo. Kama unasukumwa kujinyima chakula hadi kudhoofika, zungumza na padre na daktari.

Alifariki Roma tarehe 29 Aprili 1380, akiwa na miaka 33, akiliombea Kanisa lililokuwa limegawanyika chini ya watu wawili waliodai upapa. Mwaka 1970 Papa Paulo VI alimtangaza Mwalimu wa Kanisa, mwaka ule ule na Teresa wa Avila. Hao ndio wanawake wa kwanza kupewa heshima hiyo.

Basi wiki hii tusisubiri nyumba inyamaze. Chagua kazi moja unayoichukia, kuosha vyombo, kufua, au kusimama kwenye daladala iliyojaa, na uifanye ukiwa chumbani mwako na Bwana. Mtaje jina lake kimoyomoyo. Mawazo yakikuvamia, usimkimbie, mwambie yaliyopo. Na ukishatoka hapo, muulize ni nani nyumbani kwako anayehitaji kuhudumiwa leo. Mara nyingi ni yule yule anayekukera.

Mtakatifu Katarina wa Siena, utuombee.