Arkidikoni Johnson wa Liuli

Vijana wetu wenye ujuzi, walimu, wauguzi na mafundi, hutuuliza kama ni vibaya kuacha kazi isiyowapa raha. Tumeona afadhali tumkumbuke William Percival Johnson, ambaye kaburi lake liko Liuli.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1854, akasoma Oxford. Alifaulu mtihani wa kuingia utumishi wa Serikali huko Bara Hindi, kazi ya mshahara mnono na heshima, iliyogombewa na vijana wengi. Akaiacha kabla hajaianza. Mwaka 1876 akajiunga na misheni ya UMCA, chini ya Askofu Steere wa Unguja, ambaye naye alikuwa mwanasheria aliyeiacha sheria.

Mwaka 1882 alifika Ziwa Nyasa pamoja na Charles Janson, na mwaka ule ule Janson akafariki. Meli iliyopewa jina la marehemu ililetwa vipande vipande, ikaelea ziwani mwaka 1885. Katika miaka hiyo Johnson akaugua macho. Jicho moja likapofuka, la pili likabaki na nuru kidogo tu. Hapo angeweza kuiacha kazi hiyo, wala hakuna ambaye angemlaumu. Akaendelea nayo. Alizunguka vijiji vya ufukweni akifundisha, akaitafsiri Biblia kwa Chinyanja, huku akisoma kwa jicho bovu. Alifariki Liuli mwezi Oktoba 1928, miaka 46 tangu alifikie ziwa.

Watu humsifu kwa kubaki, wakasahau kwamba alianza kwa kuacha. Tena hakuacha kwa hasira. Aliona kazi nyingine inamhitaji zaidi. Sisi wenyewe, tukiwa walimu, tuliwahi kuandika barua ya kuacha kazi, tukaifungia sandukuni. Alipohamishwa mkubwa wetu mmoja, tukagundua kwamba hatukuwa tumechoshwa na chaki wala watoto. Lakini tulikuwa na mwenzetu aliyeuchukia ualimu kweli kweli, na watoto walilijua hilo kabla yake. Huyo aliacha, akawa seremala hodari, nasi tunaona alifanya haki.

Basi kijana anayefikiri kuacha asitoroke usiku na kuliacha darasa au wodi bila mtu. Aje kwanza tuzungumze, Jumapili baada ya ibada. Sisi wazee huwa tumekaa nje ya kanisa.